Skrini ya boti ya tanga kwa sisi wa Nairobi: tuanze na kina, inchi zitafuata (uzi mrefu)

Mwana wa Shetri (mwanzisha uzi)

Wadau, salaam. Tangu Januari watu watano wamenitumia ujumbe wa faragha na swali ni lile lile: "Tumechanga tukanunua boti kuukuu ya tanga, iko pwani. Tuweke skrini ya inchi ngapi?" Nimeona nijibu hapa mara moja, na wenye uzoefu kunishinda wanirekebishe.

Nijieleze kidogo. Kazi yangu ni mitambo ya mawasiliano, naishi Nairobi West. Nimelelewa Mombasa, na ami yangu alikuwa nahodha wa jahazi, kwa hivyo maneno ya bahari niliyasikia kabla sijajua kusoma. Boti yetu ni ya futi 28, tunaimiliki watu wanne, na imefungwa kwenye boya ndani ya hori ya Kilifi, ule mkono wa bahari unaoingia nchi kavu. Tunashuka na treni, tunamalizia na matatu, tunafika usiku. Tukijaliwa, tunaenda mara mbili kwa mwezi.

Hiyo "mara mbili kwa mwezi" ndiyo inayoamua karibu yote nitakayosema. Anayelala botini kila siku atazoea mtambo wowote. Sisi tunafika vichwa vimejaa mambo ya ofisini na tumeshasahau kibonye cha kushoto kinafanya nini. Skrini yetu inatakiwa imwambie mwenye usukani mambo manne bila yeye kuigusa: kina, mwendo, upande tunaoelekea, na upepo. Ramani ni jambo la tano. Anayeona nimepindua mambo asome kwanza yaliyotupata.

Mwaka wa kwanza tulinunua plota ya inchi 12, yaani skrini inayoonyesha chati (ramani ya bahari) na mahali boti ilipo. Picha yake ilikuwa nzuri ajabu. Kwa ukubwa wake haikuenea karibu na usukani, ikafungwa ndani, juu ya meza ya chati. Jumapili moja tunarudi horini, maji ya bamvua (yale yanayojaa na kupwa kuliko siku nyingine) yanakupwa kwa kasi, mwenzangu ameshika usukani, mimi niko ndani namsomea kina kwa sauti. Mbili nukta nne. Mbili nukta mbili. Mbili nukta moja. Boti yetu inazama mita 1.5, kutoka usawa wa maji hadi ncha ya mkuku (uti wake wa chini), nami niliamini tarakimu ile ni maji yaliyobaki chini ya mkuku. Kwa hesabu yangu tulikuwa na mita mbili na ushei za akiba. Moja nukta saba. Nikamwambia, twende tu. Kisha nikasikia sauti kama kabati zito linaburutwa juu ya sakafu ya saruji, na boti ikasimama.

Aliyetufungia mtambo alikuwa ameuweka usome kutoka usawa wa maji. Hakutuambia, nasi hatukuuliza. Maana yake ile 2.1 ilikuwa sentimita 60 tu chini ya mkuku. Tulikaa pale zaidi ya saa sita, boti imelala ubavu, mpaka maji yakapwa yote na kujaa tena. Tofauti ya kupwa na kujaa wakati wa bamvua pwani yetu hukaribia mita 4, kwa hivyo ukikwama maji yakiwa yanatoka hakuna wa kukusukuma. Ulikuwa mchanga, alhamdulillah. Ungekuwa mwamba wa mlangoni, pale pa kuingilia hori, leo nisingekuwa na boti ya kuandikia uzi.

Basi fanyeni hivi kabla ya kununua chochote kipya. Kipima kina kinatuma mlio kwenda chini na kusikiliza mwangwi wake. Sauti majini husafiri takriban mita 1,500 kwa sekunde, mtambo unapiga hesabu ya muda. Lakini kile kidude kinachotuma mlio kimebanwa mahali fulani kwenye mwili wa boti, juu ya ncha ya mkuku na chini ya usawa wa maji. Kwa hivyo tarakimu inaweza kuwa na maana tatu: kutoka kwenye kidude, kutoka usawa wa maji, au kutoka chini ya mkuku. Zote ni halali. Hatari ni watu wanne kuwa na maana tofauti vichwani.

Ami alikuwa na bildi yake, risasi kwenye kamba yenye mafundo kila pima. Sisi tulifunga nati kubwa ya lori kwenye kamba. Siku maji yametulia, boti ikiwa kwenye boya, tuliteremsha nati ubavuni, pale pale usawa wa kile kidude, tukabana kamba kwa vidole ilipokutana na maji, tukaipima kwa futi ya fundi cherehani. Mita 4.90. Skrini ikasema 4.9. Tukajua inasoma kutoka usawa wa maji. Tukabadilisha iwe chini ya mkuku kwa kuweka tofauti ya mita 1.5, na nikabandika utepe mweupe chini ya skrini ulioandikwa kwa wino usiofutika: CHINI YA MKUKU. Utepe huo ndio kifaa cha bei ya chini kuliko vyote botini, na kila mgeni anauona.

Dada wa Lang'ata

Asante sana kaka. Mimi ni mmoja wa wale watano. Swali langu ni la pesa. Nina tableti nzuri nyumbani. Kwa nini nisiweke programu ya chati na kuachana na plota?

Halafu nimefurahi kusoma mtu wa Nairobi anaandika mambo ya tanga. Watu wengi hawajui zamani watu walisafiri kwa tanga hapa hapa Bwawa la Nairobi, kabla halijafunikwa na magugu maji.

Mwana wa Shetri

Dada, karibu. Tableti ninayo pia na ninaipenda, ila ninaijua tabia yake.

Kwanza hakikisha ina GPS yake yenyewe. iPad zisizo na laini ya simu hazina kipokezi cha GPS ndani, zile zenye nafasi ya laini ndizo zinazo. Hapa Nairobi utaona inakuonyesha uko wapi kwa sababu inakisia kutokana na Wi-Fi za jirani, ukidhani kila kitu ni sawa. Ukitoka nje ya mwamba wa Kilifi, hakuna Wi-Fi ya kukisia.

Pili, joto. Apple wenyewe wanaandika kwamba iPad itumike kwenye hewa isiyozidi nyuzi 35. Weka kioo cheusi juani saa saba mchana mwezi wa Februari kisha uone. Yangu iliandika kwamba lazima ipoe kwanza, nikiwa katikati ya mlango wa bahari, mwamba kulia na mwamba kushoto. Ikawa giza. Siku ile bahati nilikuwa na tarakimu ya kina na dira.

Tatu, matone. Kioo cha kugusa hakijui tofauti ya kidole na tone la maji ya chumvi. Ramani inaanza kujisogeza yenyewe. Ndiyo maana napendekeza skrini ya usukani iwe na vibonye vya kubonyeza, hata kama inagusika.

Na nne, mwanga. Tableti nyingi zina mng'ao wa niti 400 hadi 600. Skrini za baharini zilizotengenezwa kusomwa juani zinafika 1,000 na kuzidi. Ukitazama juani utaona tofauti mara moja, huhitaji kipimo.

Hivyo tableti iwe ya pili. Itumie chumbani, itumie kupanga safari ukiwa kwako Lang'ata. OpenCPN ni programu ya bure, inaingia kwenye kompyuta ya kawaida. Kila Alhamisi usiku mimi hukaa nayo na jedwali la maji la Mamlaka ya Bandari, nikaandika kwenye karatasi saa ya maji kujaa na kupwa. Kumbuka kina kilichoandikwa kwenye chati kinahesabiwa kutoka maji yanapokuwa chini kabisa. Maji ya siku hiyo unaongeza mwenyewe.

Kusi Kaskazi

Ongeza hili: miwani ya jua. Ile inayokata mng'ao wa maji ikikutana na skrini, baadhi ya skrini zinakuwa nyeusi tii ukiinamisha kichwa. Nilidhani plota imekufa, nikaanza kufungua fyuzi. Kumbe ni miwani. Nendeni dukani na miwani yenu, zungusheni kichwa kushoto na kulia mbele ya skrini.

Mwana wa Shetri

Kweli kabisa, na ukiwa hapo dukani fanya jaribio la pili. Punguza mwanga wa skrini hadi mwisho, jifunike koti kichwani wewe na skrini, usubiri dakika kadhaa. Ikiwa bado inakuumiza macho, usiku baharini itakupofusha. Utakuwa unaona ramani vizuri na huoni mashua iliyo mbele yako. Wauzaji wa pale mjini walinitazama sana nilipofanya hivyo. Nililipia skrini ya tatu, si ya kwanza.

Mkaa Shela

Mwana wa Shetri, nakuheshimu, ila babu zetu walitoka Lamu hadi Zanzibar na kurudi bila hata skrini moja. Kusi ilipokatika na kaskazi kushika walijua kwa ngozi. Nyie mnanunua vioo.

Mwana wa Shetri

Shikamoo mzee wangu, na sibishani nawe kuhusu babu zetu. Ami alinionyesha mwamba kwa rangi ya maji tu: kahawia usiende, kijani kibichi nenda taratibu, buluu ya kukolea pita. Nilikaa naye likizo tatu na sikupata hata robo. Yeye alikuwa baharini miaka 40, kila siku aliyojaliwa. Mimi nina siku nne kwa mwezi. Nikisema nitasoma maji kama yeye nitakuwa nadanganya, na kuna watu wananiamini na maisha yao botini. Skrini inanisaidia kujaza pengo hilo kidogo. Ila umenikumbusha jambo ambalo nilipaswa kuliandika mwanzo.

Ramani iliyo kwenye plota haikuchorwa jana. Kapteni William Owen wa jeshi la maji la Uingereza alipima pwani ya Afrika Mashariki miaka ya 1820, Mombasa alifika mwaka 1824, na kazi hiyo ilifanywa kwa bildi, nukta moja baada ya nyingine. Wengine walimfuata baadaye, bandari kubwa zimepimwa upya kwa mitambo ya kisasa, lakini huwezi kudhani kila kijito na kila fungu la mchanga vimepimwa hivyo. Chati rasmi za kielektroniki hupewa daraja la kuaminika. A1 maana yake kitu kilichochorwa kiko ndani ya mita 5 za mahali pake. B ni mita 50. C ni mita 500. D ni mbaya kuliko hapo. Sasa GPS yako inakuweka ndani ya mita chache, picha ya boti yako inakaa kwenye mstari mwembamba mzuri, nawe unasahau kwamba mwamba wenyewe unaweza kuwa nusu kilomita kutoka ulipochorwa. Tafuteni daraja hilo kwenye plota zenu kabla ya kuamini njia yoyote nyembamba.

Halafu kuna suala la kukuza na kupunguza ramani. Hili limewapata hata mabingwa. Tarehe 29 Novemba 2014, boti ya Team Vestas Wind, kwenye mashindano ya Volvo Ocean Race kutoka Cape Town kwenda Abu Dhabi, iliparamia miamba ya Cargados Carajos kaskazini mashariki mwa Mauritius, usiku, ikienda mwendo wa karibu maili 19 za baharini kwa saa. Watu tisa walikuwamo, wote wakaokoka. Hawa ni mabaharia wa kulipwa, na bahari yenyewe ni hii yetu ya Hindi. Ramani yao ya kielektroniki ilikuwa na mwamba ule. Ila ukiitazama kwa mbali, haukuonekana kuwa hatari, na hawakukuza vya kutosha eneo lile kabla ya kufika. Chati za aina hii huficha vitu ukipunguza picha, ili skrini isijae maandishi.

Tangu nisome habari ile, kila safari naipitia njia yote kwa kidole ikiwa imekuzwa, kipande kwa kipande, kutoka boyani hadi tunakokwenda. Kilifi hadi Watamu hunichukua kama dakika ishirini. Nafanya hivyo Nairobi, kwenye meza ya kulia chakula, siyo baharini.

Fundi Waya

Mimi nafanya umeme wa magari Industrial Area, nimeitwa mara mbili kufunga vyombo vya boti. Wanaonunua vifaa vya kuunganishwa kwa NMEA 2000, mfumo wa vyombo vya boti kupeana data, waelewe jambo moja: ni njia moja kuu ya waya, vifaa vinadandia katikati, na kila mwisho wa njia unawekwa kizuizi cha ohimu 120. Viwili tu, mwanzo na mwisho. Watu wanaviona vidogo, wanadhani ni vifuniko, wanaviacha kwenye boksi.

Mwana wa Shetri

Fundi, ubarikiwe. Hili lilinipotezea wikendi mbili. Upepo ulikuwa unaonekana kwenye skrini, unapotea, unarudi. Nikabadilisha kebo, nikapanda mlingotini, nikalaumu sensa. Mwishowe nikazima umeme wote, nikaweka mita kati ya nyaya mbili za data. Vizuizi viwili vya 120 vikiwa vyote mahali pake unasoma takriban ohimu 60. Mimi nilisoma 120. Yaani kimoja hakipo. Nikakikuta kimeng'oka kwenye kona nyuma ya kabati, kimejaa chumvi kama sukari guru. Nikakisafisha, nikakirudisha, ikasoma 60, na upepo haujapotea tena hadi leo.

Waya wenyewe pia uangalieni. Barabara ya Luthuli, pale mjini, utapata waya wa rangi ya shaba kwa bei nzuri ambao ndani yake ni alumini iliyopakwa shaba. Kwaruza kwa kisu, ukiona weupe ndani, urudishe. Hata shaba tupu hufa haraka kwenye hewa ya chumvi. Tafuteni shaba iliyopakwa bati, kila uzi wake unang'aa kama fedha. Ni ghali, na mimi ningepunguza inchi za skrini ili nilipie waya huo.

Tena inchi zinakula betri. Plota ya inchi 7 huchukua karibu ampea 1, ya inchi 12 inaweza kufika 2.5 au 3. Betri ya kawaida ya risasi ya ampea-saa 100 usiitumie zaidi ya nusu ukitaka idumu. Nusu ni 50. Inchi 12 peke yake inaimaliza ndani ya saa 17 hadi 20, hujawasha taa ya mlingoti wala redio.

Dada wa Lang'ata

Na upepo? Umesema ni mojawapo ya mambo manne. Si ninausikia usoni?

Mwana wa Shetri

Unausikia, lakini unaousikia umechanganyika na mwendo wako. Chukua kusi, upepo wa kutoka kusini, tunatoka Mombasa kwenda Kilifi, upepo uko nyuma. Unavuma maili 15 kwa saa, boti inakwenda 6, usoni unasikia 9 tu. Kila mtu amelegea, chai inamiminwa, tanga kubwa liko wazi lote. Sasa geuka uanze kwenda bisho, yaani kuupanda upepo, na ule ule upepo unakuwa karibu 20. Boti inalala, watu wanapiga kelele. Skrini inayoonyesha upepo wa kweli inakwambia mapema upunguze tanga kabla hujageuka. Hesabu hiyo inahitaji kujua mwendo wa boti majini, nao hupimwa na kigurudumu kidogo chini ya boti. Maji yetu ya joto huota magamba upesi. Boti ikikaa wiki mbili, kigurudumu hakizunguki, na skrini inatoa upepo wa kweli ambao si wa kweli. Sisi hukichomoa na kuweka kizibo tukiondoka, tunakirudisha Jumamosi asubuhi. Maji huingia kidogo wakati wa kubadilisha, usiogope, uwe na kitambaa tayari.

Na usichanganye upande boti inakoelekeza omo (ncha yake ya mbele) na upande inakokwenda. Msimu wa kusi mkondo unatusukuma kaskazini. Dira inasema hivi, GPS inasema vile, zote mbili zina haki. Ukiwa kwenye mlango mwembamba, tofauti hiyo ndiyo inayokupeleka mwambani.

Kusi Kaskazi

AIS je, ule mtambo wa vyombo kutangaziana kwa redio jina na mahali vilipo? Kuna anayesema ukishakuwa nayo unalala usingizi.

Mwana wa Shetri

Asilale. Meli kubwa zinazoingia Kilindini utaziona, jina na mwendo, na hilo ni jambo kubwa. Chombo cha boti ndogo kama zetu, daraja B, hutuma kila sekunde 30 kwa kawaida ukiwa safarini. Lakini ngalawa haina AIS. Dau halina. Wavuvi wetu wako nje usiku wa manane, wengine na tochi moja ambayo huwashwa wakisikia sauti yako. Skrini itaonyesha bahari tupu, na bahari haiko tupu, kuna baba za watu pale. Usiku kwetu mtu mmoja anakaa omoni, hatazami skrini yoyote, kazi yake ni macho na masikio. Hilo silijadili na mtu yeyote anayepanda boti yetu.

Mkaa Shela

Hapo umesema kweli, mwanangu. Ndugu yangu aligongwa hivyo, nyavu zote zikaenda. Marahaba.

Dada wa Lang'ata

Basi tumekaa jana wote watatu. Tumeamua: kipima kina na upepo vyenye tarakimu kubwa, juu ya mlango wa kushukia chumbani, mwenye usukani avione akiwa amesimama. Plota ya inchi 7 yenye vibonye, kwenye mkono unaozunguka, iweze kutazama nje au ndani. Tableti chumbani. Tumebaki kuchagua kampuni.

Mwana wa Shetri

Mmenifurahisha. Kuhusu kampuni, Garmin, Raymarine, B&G, Furuno, zote zinatengeneza vitu vizuri. Mimi ningeuliza kwanza chati. Fungueni ramani ya kampuni ya chati kabla ya kulipia skrini, mtazame Kilifi, Mtwapa na Lamu zikiwa zimekuzwa, muone zinaonyesha nini. Msichukulie kwamba kadi ya chati moja itaingia kwenye plota yoyote. Na kabla ya kutoboa tundu lolote, someni kwenye kitabu chake umbali wa usalama kutoka kwenye dira, kisha washeni skrini karibu na dira na muitazame sindano. Yetu ilisogea nyuzi nane. Tukahamisha skrini sentimita 30, ikatulia.

Mnashuka lini? Sisi tuko Kilifi wikendi ya tarehe 14. Njooni na kamba ya mita kumi, nati ninayo.

Dada wa Lang'ata

Tarehe 14 tupo. Nimeshanunua utepe mweupe.